Baiskeli mlangoni: jibu langu kwa daktari kijana

Mwezi uliopita alinitembelea daktari kijana, binti wa jirani yangu wa zamani, aliyemaliza mwaka wake wa mafunzo kazini. Alikuwa njia panda: arudi chuoni kusomea ubingwa, au akubali kazi kwenye zahanati ya mtaani kama niliyoiendesha mimi. Wengine huniuliza jambo hili kwa kuzunguka. Yeye aliuliza waziwazi: "Baba, hujuti kubaki mtaani miaka yote hiyo?"

Nikamwambia sijuti. Tukanywa chai, akaaga. Usiku nikalala nikiona jibu langu lilikuwa fupi mno kwa swali zito vile, na mtoto wa watu alistahili zaidi. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia. Wagonjwa nao wayasome, kwa sababu mengi nimefundishwa na wao.

Mimi ni Msambaa wa Lushoto. Niliteremka Tanga mwishoni mwa miaka ya 1980 kufanya kazi kwenye hospitali ya serikali. Wakati ule daktari hakuweza kufungua zahanati yake ya biashara, maana sheria ya mwaka 1977 ilikuwa imepiga marufuku matibabu binafsi ya kibiashara, na yaliruhusiwa tena mwaka 1991. Mwaka 1993, wakati hospitali za serikali zilipoanza uchangiaji, nilifungua zahanati ya vyumba vitatu Ngamiani, kwenye zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo. Mimi nilikuja nikakaa, na nikiulizwa nimefanya nini katika udaktari wangu, jibu la kweli ni hilo: nilikaa. Mengine yote yalitokana na kukaa.

Nianze na bibi mmoja muuza ng'onda. Mambo madogo nimeyabadili ili asitambulike.

Bibi huyu alikuwa akija kliniki kila mwezi bila kukosa, presha yake ikisoma 190 kwa 110, wakati tunaanza kuhesabu kuwa ni ugonjwa kwenye 140 kwa 90. Nikampa dawa ya kwanza. Mwezi wa pili nikaongeza ya pili, na mwezi wa tatu ya tatu. Presha haikutikisika. Kila mara namuuliza, "Bibi, dawa unameza?" Naye ananijibu, "Nameza, mwanangu, wallahi nameza." Nilianza kumdhania vibaya, nakiri hilo kwa uchungu.

Mwezi wa nne nilipofunga zahanati nikapanda baiskeli nikamfuata kwake. Alinikaribisha, akatoa kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, akalifungua. Ndani mlikuwa na dawa zangu, na pamoja nazo vidonge vingine nilivyovitambua mara moja: diklofenaki, za maumivu ya magoti, alizokuwa akinunua duka la dawa na kumeza mbili kila siku kwa mwaka mzima. Hakuwahi kuzitaja kwa sababu mimi nilimuuliza dawa za presha, na hizo kwake zilikuwa za magoti. Sasa dawa za jamii hiyo hupandisha presha, na kwa mtu mzima wa umri wake huumiza figo. Nikachungulia uani, chungu kiko jikoni, na kitoweo ni ng'onda, ile iliyobaki bila kununuliwa sokoni. Kila siku anakula chumvi ya kuhifadhia samaki.

Hapo bado. Mdogo wake akatoka chumba cha ndani, akasalimia, akaketi mkekani. Bibi akachukua kidonge kimoja kwenye kopo akampa, mbele ya macho yangu, na mdogo mtu akameza kwa maji ya kikombe. Naye alikuwa na presha, ila hakuwa na pesa ya kliniki. Wamekuwa wakigawana: leo anameza huyu, kesho yule.

Kwa hiyo "nameza" lilikuwa jibu la kweli kabisa. Kasoro ilikuwa kwenye swali langu. Tukaondoa diklofenaki, nikampa parasetamoli na mazoezi mepesi ya magoti. Ng'onda tukakubaliana ailoweke usiku kucha, amwage maji yale, ailoweke tena, na asile kila siku. Mdogo wake nikamfungulia kadi yake. Baada ya miezi miwili bibi alishuka hadi 150 kwa 90, na baadaye nikamwondolea moja ya zile dawa tatu nilizokuwa nimemrundikia.

Tangu siku hiyo simuulizi mtu kama anameza dawa. Namwambia aje na mfuko, atie kila anachokimeza nyumbani, azimwage mezani, kisha anisimulie moja moja: hii lini, hii ya nini, hii umepewa na nani. Nawe msomaji unayekwenda kliniki, fanya hivyo hata usipoambiwa. Beba na vidonge ulivyopewa na shoga yako. Beba na chupa ya mitishamba. Daktari atakayekukemea kwa sababu umepitia kwa mganga, mvumilie, lakini usimfiche, kwa maana dawa mbili zikigombana ni figo zako na ini lako vitakavyoumia.

Nyumbani kwa bibi yule ndipo pia nilipoanza kaunta buku zangu. Kila familia ina kurasa zake. Naandika ugonjwa na dawa kama daktari yeyote, kisha chini naandika mambo ambayo hayamo kwenye fomu: nani anapika, nani anashika pesa, maji yanatoka wapi, nani mwenye kauli ya mwisho mtu akitakiwa kupelekwa hospitali usiku. Hilo la mwisho limeokoa wajawazito. Utamweleza mama mwenye miguu iliyovimba na presha iliyopanda kwamba asisubiri hata siku moja, naye ataitikia kwa heshima zote, lakini ruhusa iko kwa mama mkwe ambaye hukumwita ndani. Muite. Mpe kiti cha kwanza, msalimu vizuri, mweleze yeye.

Wala jambo hili si uvumbuzi wangu. Huko Wales alikuwepo daktari Julian Tudor Hart, aliyetibu wachimba makaa wa kijiji cha Glyncorrwg kuanzia miaka ya 1960. Hakungoja watu waanguke. Aliwapima presha karibu watu wazima wote aliowahudumia, akiwemo aliyekuja na kikohozi tu. Mwaka 1971 aliandika katika jarida la The Lancet jambo ambalo kila daktari wa mtaa wetu analijua bila kulisoma, kwamba huduma nzuri huwa haba zaidi pale inapohitajika zaidi. Niliposoma habari zake nilifarijika sana. Nilikuwa nimedhani niko peke yangu.

Sasa baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, na yangu ilikuwa Phoenix ya kijani ambayo watoto waliijua kwa kengele. Ilinipa furaha kubwa, na bado inanipa. Lakini miaka ya 1990 ilikuja kunifundisha jambo.

Ilikuwa miaka ya Ukimwi. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Kabla ya hapo, mwananchi wa kawaida akiugua, nilichokuwa nacho ni dawa za magonjwa nyemelezi, dawa ya fangasi wa mdomoni, maji ya chumvi na sukari, na muda wangu. Jioni nilizunguka kuwatazama waliolala ndani. Wengine walikuwa hawajaguswa na mtu kwa wiki nzima isipokuwa mama yao. Nilikuwa nikiwashika mkono muda mrefu kuliko ilivyohitajika kupima mapigo.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mtaa umeanza kuisoma baiskeli yangu. Ikiegeshwa mlango mmoja mara tatu kwa mwezi, habari imekwisha. Siku moja mama mmoja muuza vitumbua, mwenye kijana aliyekuwa amelala ndani, alinipokea uchochoroni kabla sijafika. Akasema polepole, huku akiutazama ukuta, "Dokta, Mungu akubariki, lakini usije tena na baiskeli yako. Watu hawanunui tena kwangu."

Sikupata usingizi. Kuacha kwenda sikuweza, na kwenda kwa miguu nisingefika kote. Basi nikaamua kupiga hodi kila nyumba. Barabara nzima, mlango kwa mlango, naegesha baiskeli, naingia, nasalimia wazee, napima presha, naomba kadi za kliniki za watoto nione chanjo. Kazi iliongezeka kwa saa mbili kila jioni. Baada ya miezi michache baiskeli ilikuwa mlango wa kila mtu na haikuwa tena na habari ya kutoa. Mama yule alirudi kuuza vitumbua vyake. Kijana wake hakupona, lakini alizikwa na watu wengi.

Na katika nyumba zile nilizoingia ili tu kuificha moja, nikakuta mzee mwenye kisukari asiyejua, akiamka kukojoa mara sita kwa usiku na kudhani ni utu uzima. Nikakuta mtoto wa mwaka na nusu asiyechanjwa surua. Nikakuta mwanamke aliyekuwa akikohoa kwa miezi miwili, naye tukampeleka akatoa makohozi, ikawa ni kifua kikuu, akatibiwa akapona. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na nia ya kuja zahanati wiki ile. Kwa hiyo mwanangu, ukikubali kazi ya mtaani, usikubali kufungiwa ndani ya chumba. Mwambie mwajiri wako mapema kwamba unataka jioni mbili kwa wiki za kutembea.

Lazima niseme na kosa langu kubwa. Zamani kwetu kila homa ilikuwa malaria. Mtoto akiwa na joto, unaandika klorokwini, anayefuata. Siku ya foleni ndefu nililetewa mtoto wa miezi kumi, ana moto, nikaandika kama kawaida, nikamwambia mama arudi siku ya tatu. Alirudi usiku wa pili akinigongea nyumbani, mtoto anavuta pumzi hadi mbavu zinabonyea ndani. Nimonia. Tulimkimbiza hospitali, akawekewa oksijeni, akapona kwa rehema za Mungu. Asubuhi ile ya kwanza sikuwa nimemvua shati.

Tangu hapo nguo hutoka kwanza, halafu saa mkononi, natazama kifua kinavyopanda na kushuka kwa dakika nzima, bila kukata nusu na kuzidisha mara mbili. Mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka akipumua mara 50 au zaidi, ana shida. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Mama au baba anaweza kuhesabu nyumbani mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, na akiona kifua kinabonyea asihesabu tena, aondoke. Klorokwini yenyewe nchi iliiacha mwaka 2001 kwa kuwa vimelea vimeizoea, kisha ikaja dawa mseto, na sasa tuna kipimo cha haraka cha tone la damu. Siku hizi ugomvi umegeuka. Kipimo kinasema hakuna malaria, mzazi anakasirika na kutaka dawa ya malaria vilevile. Usimpe ili tu aondoke ameridhika. Kaa naye umweleze, kwa sababu kipimo kikisema hakuna, bado kuna homa, na sasa ni juu yako kuitafuta ilikotoka.

Jambo jingine la pwani ni Ramadhani. Mimi ni Mlutheri, na kwa miaka ya mwanzo wagonjwa wangu wa kisukari walinificha kwamba wanafunga, wakijua nitawakataza. Nilikuwa nawapokea wameanguka saa za alasiri, wanatoka jasho la baridi, sukari imeshuka. Nikaenda kumwona imamu wa msikiti wa karibu. Alinipokea kwa kahawa na tende, akanifafanulia ruhusa aliyonayo mgonjwa katika dini, nami nikamweleza insulini inavyofanya kazi kwa mtu mwenye tumbo tupu. Tukakubaliana atatangaza kila mwezi wa Shaabani: mwenye kisukari amwone daktari wake kwanza. Akaongeza, kwa hiari yake, kwamba kujichoma kidole kupima sukari hakubatilishi funga. Tangazo hilo moja lilifanya kazi kuliko mawaidha yangu ya miaka mitano. Wapo niliowaambia wasifunge, hasa wanaochoma insulini mara nyingi au wenye figo zilizochoka, wakakubali kwa sababu imamu alikwisha kusema. Wanaofunga tunahamisha dozi zao kufuata futari na daku, na wanajua namba mbili kwa kichwa: sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 (milimoli kwa lita), fungua, hata kama imebaki robo saa kuadhini.

Kuhusu pesa nitasema kidogo tu. Mtu unayemdai hupotea njia akikuona. Anayedaiwa na zahanati elfu tano atakaa na homa ndani siku nne kwa aibu ya kupita mlangoni. Nilimkataza karani wangu kutaja deni mbele ya mgonjwa anayeingia. Anayetoka aulizwe kwa upole, basi. Nilipoteza pesa, ndiyo. Zahanati haikufungwa.

Na sasa niseme lile ambalo madaktari wengi hawapendi kulisikia. Mwaka wa sita wa zahanati, mke wangu aliniambia watoto wananijua mgongo tu. Kila usiku hodi, kila Jumapili hodi. Nilikwenda kwa tabibu wa zahanati ya mtaa wa pili, tukagawana usiku: leo hodi zote kwake, kesho kwangu. Jumamosi baada ya alasiri nikazitoa kabisa kwenye udaktari nikazipa bao.

Bao nilijifunzia Tanga, kwa kutazama, miezi mingi kabla ya kuruhusiwa kushika kete. Kuna kete 64, kila mtu 32, na mwanzoni 22 zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Anayejua vizuri anatembeza kete huku akipiga soga, kichwani ameshahesabu mizunguko. Kuna mwarobaini, kuna baraza, kuna kahawa chungu na kashata. Sheria ya baraza letu ni kwamba hakuna anayeleta ugonjwa pale. Mwenye kuumwa aje zahanati Jumatatu. Mwanangu, tafuta cha kwako, iwe kwaya, shamba, au mpira wa watoto. Kiwe kitu ambacho ukikifanya, watu wanakuona wewe na wanasahau koti jeupe. Nisingefika miaka thelathini bila mwarobaini ule.

Kuna mzee mmoja, mstaafu wa bandari, niliyecheza naye zaidi ya miaka kumi na tano. Mikono yake naijua kuliko ninavyojua uso wake. Alikuwa akitembeza kete haraka hadi vijana wanashindwa kumfuata kwa macho. Mwaka mmoja akaanza kupungua kasi. Vijana wakalalamika kwamba anavuta muda ili kumchosha mpinzani. Nikaangalia vizuri. Alipokuwa akisubiri zamu yake, mkono wa kulia umelala pajani, kidole gumba kilikuwa kikisugua kidole cha shahada, taratibu, kama anayehesabu kete ambazo hazipo.

Sheria ni sheria, sikusema neno. Asubuhi yake nikaegesha baiskeli mlangoni kwake. Nikamwomba atembee ukumbini, aende na kurudi. Mkono wa kushoto ulipepea kama wa mtu yeyote anayetembea. Wa kulia ulining'inia tu. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, huko Dar es Salaam, alithibitisha kuwa ni ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha mikono na kupunguza kasi ya mwili, akamwanzishia dawa ya levodopa. Angeniona mimi kwa mara ya kwanza siku ile kama mgonjwa mgeni, ningemwambia ni uzee, nikampa vitamini. Nilimjua kwa sababu niliikumbuka kasi yake ya zamani. Hicho ndicho nilichotaka kumwambia binti yule aliponiuliza kama najuta, na sikupata maneno.

Mzee bado anacheza. Dawa ikiwa imekolea mkono unamtii, ikiisha nguvu tunamngoja, na hakuna anayesema kitu hadi kete ya mwisho itue.

Jumamosi iliyopita binti alikuja tena. Hakuniambia ameamua nini, nami sikumuuliza. Alivua viatu, akaketi ukingoni mwa baraza, akapokea kikombe cha kahawa. Mzee alikuwa na zamu. Akatembeza kete zake moja baada ya moja, akazunguka, akanilia nyumba yangu yote, lile shimo kuu la bao, kete kumi na mbili, na vijana wakapiga kelele. Nikainua macho kumwonyesha binti jinsi mzee alivyonimaliza. Hakuwa akitazama ubao. Alikuwa akitazama mkono.